Mama Mkwe Alivyotupa Ree Mbili

Mama mkwe wangu alitupa ree mbili, karata kubwa kuliko zote, nikiwa nimekaa ubavuni kwake, mdomo nimeufumba kwa sababu sheria ya mchezo ilinikataza kusema neno. Hadi leo sijaacha kulisimulia. Watu wa hapa Hancock, mji wetu mdogo wa kaskazini, wameshanichoka. Nikiingia mgahawani, kabla sijavua koti, wanaambiana haya, ree zinakuja. Waache waseme. Wao hawakuwapo jikoni siku ile, na kama wangekuwapo wangenyamaza kama nilivyonyamaza mimi, ambaye kunyamaza sikuumbiwa.

Anaitwa Lempi Ojala. Maisha yake yote alikuwa na saluni pale chini karibu na daraja, amesimama nyuma ya vichwa vya watu akiwatazama nyuso zao kwenye kioo. Hakuna mwanamke wa upande huu wa ziwa ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti chake. Ukikaa tu, kabla hajashika mkasi, ameshajua kama umegombana na mumeo na nani ana makosa. Siku Marlys, sasa mke wangu, aliponipeleka kwao mara ya kwanza, mama alinitazama kidogo, akamwambia mwanawe mbele yangu kwamba huyu kijana ana hasira za karibu ila hana mkono wa kupiga. Yote mawili kweli. Nilikasirika palepale.

Baada ya baba mkwe kufariki na saluni kuuzwa, akaanza kucheza poka mtandaoni. Kompyuta aliiweka jikoni, kati ya birika la kahawa na mkate wa iliki. Jina lake la mchezoni ni Mkasi. Alicheza vizuri, tena vizuri sana, lakini kila siku lalamiko lake lilikuwa lilelile: kule hakuna sura za watu. Kuna majina ya ajabu ajabu na picha za mbwa na mafuvu. Alikuwa akisema amecheza na watu miaka na miaka, anajua nani mwoga na nani mlevi, na akikutana nao dukani atawapita kama nguzo za umeme.

Kisha herufi zikaanza kumkimbia. Daktari wa macho kule Marquette alimweleza mambo mengi ya kitaalamu, Lempi akamwambia aseme kwa lugha ya watu. Daktari akasema, "Utauona mlango, mama, ila hutamwona aliyesimama mlangoni." Kinachokufa ni katikati ya jicho, kando kunabaki. Akauliza ni lini. Akajibiwa pengine kabla ya majira ya joto. Marlys alilia njia nzima ya kurudi, mimi nikashika usukani huku nimeng'ata meno, na yeye huko nyuma akatuambia tusimame Baraga tununue samaki wa kukaushwa kwa moshi.

Tulimwuliza anataka tumfanyie nini. Alishaamua. Kila mwaka theluji inapoanza kuyeyuka huwa kuna mashindano makubwa ya poka Detroit, ukumbini, meza za kweli, na wale wa mtandaoni kutoka jimbo zima hutoka mashimoni mwao kwenda kucheza ana kwa ana. Alitaka aketi pale mara moja, awaone, kabla nuru haijamponyoka. Nikamwambia hilo dogo, nitakupeleka uwatazame.

"Mtazamaji huona migongo, mkwe wangu," akasema. "Anayeona nyuso ni aliyeketi."

Kiingilio chake si cha mchezo. Tukataka kuchanga, akakataa katakata. Eti kiti ulichonunuliwa na watoto ni kiti cha magurudumu. Ana kichwa kigumu yule mama, na mwanawe kakirithi, najua ninachosema. Ikabaki njia moja: mashindano madogo ya mtandaoni ya kutafuta viti. Wanaingia mamia kwa ada ndogo, wanakatana shingo mchana kutwa, na kumi wa mwisho wanapewa kila mmoja kiti cha Detroit. Ya mwisho kabla ya ukumbi kufunguliwa yalikuwa Jumapili hiyo ninayoisimulia.

Sasa nieleze jambo moja la huku kwetu, maana bila hilo hamtajua kwa nini nilitaka kufa kwa aibu. Sisi tumelelewa na yuka. Kila Alhamisi watu hushuka chini ya kanisa kucheza karata za yuka kwa kahawa na keki, na yuka ni mchezo wa mwendo. Ukishikilia karata ukafikiri, wenzako wanakugongea meza kwa konzi. Ukiendelea kufikiri, wanakuuliza kama unataka mchungaji aje kukuombea. Kwetu anayekawia ni mwizi au mpumbavu, hakuna wa tatu. Na Lempi kwenye yuka alikuwa umeme. Bingwa kabisa.

Basi Jumapili nilikwenda kumwondolea theluji juu ya paa. Marlys alikuwa kazini. Nikaingia kupasha mikono, nikakuta mashindano yamepamba moto, watu wamepukutika, wamebaki meza mbili tu. Akanionyesha kiti. Kisha akanikumbusha sheria: karata za mtu ni za mtu mmoja, ukimnong'oneza mnafukuzwa wote. "Kunywa kahawa," akaniambia. "Na usikohoe kwa maana."

Nilikaa. Nikatazama. Na moyo ukaanza kuniuma.

Kila zamu yake ikifika, kiduara cha saa kinawaka pembeni ya jina lake na kuanza kuliwa polepole. Mchezaji mwingine hubonyeza mara moja, huyo ameshatupa, yaani ameziacha karata zake na kukaa pembeni mpaka zigawiwe nyingine. Mama mkwe wangu anaegemeza kichwa upande, kama kuku anayeitazama punje, maana sasa lazima aone kwa kando ya jicho. Anatazama. Anamimina kahawa. Anatazama tena. Duara likibakia uzi, ndipo anatupa. Karata mbovu kabisa, nne na tisa, za kutupwa hata na mtoto, nazo anazipa muda wote huo! Mara inayofuata hivyohivyo. Nikajikuta ninagonga meza kwa konzi bila kujijua. Akanipiga kofi mkononi bila kugeuka.

Na wenzake wakawa wanamwandikia. Pale chini ya skrini pana mahali pa kuandikiana, nako kulikuwa kunawaka. Mmoja alisema mwamsheni bibi. Mwingine akauliza kama kuna mtu anajua anwani yake atume gari la wagonjwa. Aliyezidi wote alijiita Nyundo wa Flint. Huyo ndiye aliyekuwa na sarafu nyingi kuliko wote mezani, sarafu za mchezo, rundo mbele ya jina lake kama kuni za majira yote ya baridi, na kila Lempi alipokawia aliandika tusi jipya. Aliandika kwamba uchezaji huu ni wa wachawi. Aliandika kwamba watu wa aina hii ndio wanaoua mchezo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa upande wa Nyundo. Nilitamani kumshika mama mkwe mkono nimbonyezee.

Karata zilipokuwa zinagawiwa upya nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mama, hii si halali.

"Halali," akasema. "Nimesoma sheria zao zote, Marlys kanikuzia maandishi. Saa ni yangu mpaka ilie. Haipendwi, hilo ni jingine."

Akanieleza, macho yake hayajatoka kwenye skrini. Viti ni kumi, na aliyeshika namba moja na aliyeshika namba kumi wanapata kiti kilekile. Hakuna kiti chenye mto. Kwa hiyo kurundika sarafu ni kazi bure, kazi ni kutokufa. Tena kila karata zikigawiwa kuna dau la lazima, zamu kwa zamu, utake usitake. Meza ile nyingine wanacheza mbio, dau la lazima linawala, wanaanguka mmoja mmoja. Meza yetu inatambaa. "Wale wanaliwa," akasema, "sisi tunakunywa kahawa." Nikatazama hesabu ya waliobaki pale juu. Mwanzo wa kikombe changu cha kahawa walikuwa kumi na watano. Sasa walikuwa kumi na watatu, na meza yetu haikuwa imefanya lolote.

Nikamwuliza nani kamfundisha. Akasema hakuna. Alianza kuchelewa kwa sababu ya macho, karata zilikuwa hazimjii haraka, nao wakaanza kumtukana. Mwanzo alilia. Baadaye akajiuliza, hawa mbona wanaumia hivi? Akasema kwenye saluni alijifunza kwamba pale mteja anaposhtuka ukimgusa ndipo penye jambo. Basi akapagusa tena.

Mimi nikaacha kunywa kahawa. Niliona kwamba niliyekuwa nikimhurumia kumbe ndiye aliyeishika meza nzima.

Wakabaki kumi na mmoja. Mmoja tu aanguke, wote waliobaki wameketi Detroit. Hapo mtambo ukazifanya meza mbili zisubiriane, hagawiwi huyu mpaka yule amalize, kwa hiyo ujanja wa kukawia ukawa hauna faida tena. Lempi akaendelea kukawia vilevile. Nyundo aliandika mstari mzima wa alama za hasira. Kisha zikagawiwa karata, na Nyundo, zamu yake ilipofika, akasukuma rundo lake lote kati. Zote. Anayetaka kumjibu naye aweke zake zote, akishindwa ndiye wa kumi na mmoja, arudi nyumbani.

Zamu ikamfikia Lempi. Nikatazama karata zake. Ree ya shupaza na ree ya kopa.

Kwa msiojua poka: hakuna mwanzo ulio bora kuliko huo. Hakuna. Mtu anaweza kucheza siku nzima asizione. Ukizipata, unasukuma zote hata kama nyumba inaungua. Sarafu za Lempi zilikuwa za kadiri, si haba, si nyingi, na mbele yake mpumbavu amekasirika kasukuma rundo. Niliona kama Mungu mwenyewe amekuja jikoni.

Akaegemeza kichwa. Duara likaanza kuliwa. Akaegemeza upande wa pili. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Vidole vyake vikapapasa kipanya. Hapo likanijia jambo: hazioni. Jamani, hazioni! Macho yamemwangusha leo hii, saa hii. Duara likafika nusu. Likapita nusu. Nilikuwa na neno moja tu mdomoni, herufi tatu, na nikilitamka nimemfukuzisha. Nikachukua kitambaa cha vyombo nikakiuma. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Duara likabakia uzi. Akabonyeza. Akatupa.

Hakuna mwingine aliyemjibu Nyundo. Akakusanya dau, na kwa ufedhuli akafunua karata zake meza nzima izione. Saba na mbili, takataka kuliko zote katika mchezo huu. Halafu akaandika: bibi, ulikuwa na nini huko ulikolala? Lempi alikata kipande cha mkate wa iliki akapaka siagi. Mimi nilikuwa siwezi kumtazama.

Kuanzia hapo Nyundo akapagawa. Kila karata akasukuma zote, bila kuzitazama nadhani, maana alikuwa anabonyeza kabla hazijatulia. Ulikuwa uchezaji wa kumwambia Lempi, ona watu wanavyocheza. Mtu mwenye rundo lile hakuhitaji kitu. Angeweza kuondoka, akaoge sauna, arudi akute kiti chake kinamsubiri. Lakini mwepesi hawezi kukaa karibu na mzito bila kuumwa, hilo nalijua kwa nafsi yangu. Mchezaji mmoja mdogo, aliyebakiwa na mabaki, akamjibu akashinda, akamega sehemu ya rundo. Nyundo hakupunguza. Karata zilizofuata akasukuma tena, na safari hii mwingine aliyekuwa sasa amemzidi kidogo, ambaye pia alikuwa amechoka, akamjibu kwa wafalme wawili. Nyundo alikuwa na tatu na nane. Zikafunuliwa karata za katikati, zile za wote, moja moja. Hakuna kilichomsaidia.

Rundo lote likahamia upande wa pili. Nyundo wa Flint akatoka, wa kumi na mmoja, wa mwisho asiye na kiti. Kabla jina lake halijafutika aliandika kwamba atalipa kiingilio mwenyewe, na watakutana Detroit.

Skrini ikajaa maua ya kuchorwa na maneno ya kumpongeza Mkasi. Lempi akayaegemezea kichwa. Nje theluji ilikuwa imeanza tena, na paa sikuwa nimeligusa.

Nikatafuta namna ya kuuliza bila kumvunja moyo. Nikasema, mama, zile karata, Nyundo aliposukuma mara ya kwanza.

"Ree ya shupaza," akasema. "Na ree ya kopa."

Nikakitupa mezani kitambaa cha vyombo.

"Niliziona tangu zilipofika, mkwe wangu. Kumjibu kungenipa nini? Kiti cha pili? Mimi nina makalio haya haya."

"Sasa mbona ulizitazama muda wote ule?"

Akaanza kukusanya makombo ya mkate kwa kiganja. "Kwa sababu sikujua kama nitaziona tena," akasema.

Nilitoka nje nikapanda paani, nikasukuma theluji mpaka mabega yakagoma, na kila nikisukuma nilikuwa nikizungumza peke yangu. Nimeona watu wa milima hii wakiua dubu. Nimemwona baba yangu akivuka barafu inayolia chini ya miguu yake. Sijawahi kuona mtu akipewa kilicho bora kuliko vyote, akakitazama hadi sekunde ya mwisho, kisha akakiweka chini kwa mkono wake kwa sababu anajua alichokuja kukitafuta. Nilimwogopa mama mkwe wangu siku ile, namwogopa hadi sasa, na ni woga mtamu.

Tulipovuka daraja jingine, lile refu la njia ya Detroit, mimi na Marlys mbele na yeye nyuma, barafu ilikuwa inavunjika chini. Hakuwa anaiona tena vizuri. Aliuliza tu ina rangi gani ikivunjika.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba upande wa pili watu walionekana wadogo. Sarafu zinagongana kila mahali, sauti kama mvua juu ya mabati. Marlys alimshika mkono mpaka kwenye meza yake, kisha tukarudishwa nyuma ya kamba, mahali pa migongo. Mgawaji akagawa. Karata mbili zikamfikia Lempi, na zamu ikazunguka ikamfikia.

Hakuzigusa. Aliegemeza kichwa upande akaanza na aliyeketi kushoto kwake, kijana wa masikio makubwa. Akamtazama usoni kama alivyokuwa akimtazama mteja kwenye kioo, taratibu, paji, macho, kidevu. Akahamia wa pili, mwanamke mwenye shali. Akahamia wa tatu. Mgawaji akamkumbusha kwa adabu kwamba ni zamu yake, naye akaitikia kwamba anajua. Akaenda kwa wa nne.

Upande wa kulia palikuwa na bwana mmoja mpana, shingo nyekundu, goti linamcheza chini ya meza. Huyo akainua mkono kuomba saa. Ukumbini hilo linaruhusiwa: mchezaji yeyote akichoka anaweza kuomba mwenzake ahesabiwe muda, ukiisha karata zake zimekufa. Nikahisi Marlys ananishika koti, maana nilikuwa nimeshainua mguu kuruka kamba.

Lempi alimwacha amalize kuinua. Kisha akamgeukia, akamtazama kwa upande, kwa muda mrefu kuliko wote.

"Nyundo," akasema. "Kumbe una macho mazuri hivyo."

Yule bwana akawa mwekundu hadi masikioni. Akamtazama yule mama mwenye mvi, akaona kichwa kinavyoegemezwa na macho yanavyotafuta bila kutua, na sijui aliunganisha vipi mambo, lakini mkono wake ulianza kushuka wenyewe, ukatua kwenye kitambaa cha meza.

"Chukua muda wako, mama," akasema.

Akauchukua. Alikuwa amebakiza nyuso mbili.